Mtoto Mchanga Akishikwa na Mafua

Kwetu Njombe miezi ya baridi kali ni Juni, Julai na Agosti. Ukungu hulala juu ya mashamba ya chai mpaka jua linapopanda, na siku nyingine umande huganda kwenye majani. Katika miezi hiyo ni vigumu kupata nyumba yenye mtoto mchanga ambamo hakusikiki chafya. Sisi ni baba na mama wa watoto watatu, na wote watatu tumewalea katika baridi hii, tukisaidiwa na bibi yao, mama mzaa baba, ambaye tunakaa naye nyumba moja.

Akina mama wa umoja wetu kanisani wametuuliza mara nyingi swali moja: mtoto wa mwezi mmoja au miwili akishikwa na mafua, apewe dawa gani? Jibu letu huwashangaza. Kwa kawaida hahitaji dawa yoyote. Anahitaji kusaidiwa apumue, anyonye na alale mpaka mafua yaondoke yenyewe, na anahitaji mtu mzima wa kumtazama kwa makini muda wote huo. Kumsaidia na kumtazama, hayo mawili ndiyo yaliyowafaa watoto wetu, na hilo la pili liliokoa maisha ya kitinda mimba wetu. Ndiyo maana tumeona tuyaandike.

MAFUA YANATOKA WAPI?

Mama msomaji, wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mafua huletwa na baridi. Ukweli ni kwamba huletwa na virusi, na virusi vinavyoweza kuleta mafua ni vya aina zaidi ya 200. Wakati wa baridi tunafunga milango na madirisha, tunakaa karibu karibu, na virusi hupita kwa urahisi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kwa njia ya chafya, kikohozi na mikono. Kwa kuwa aina zake ni nyingi hivyo, mtoto mdogo mwenye afya njema kabisa anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Antibiotiki hazivigusi, kwa sababu kazi yake ni kuua bakteria. Mwili wa mtoto wenyewe ndio unaoyashinda mafua. Mengi huisha kati ya siku 7 na 10, ingawa kikohozi kinaweza kuendelea kwa wiki mbili au hata tatu.

Kwa nini basi mtoto mchanga hutaabika kuliko sisi wakubwa? Sababu ni pua yake. Katika miezi ya kwanza mtoto hupumua hasa kwa pua, na njia zake ni nyembamba mno. Tena hajui kupenga kamasi. Pua ikiziba, akishika titi anakosa hewa, na akiliachia apate hewa anakosa maziwa. Analia kwa njaa, na kilio kinaongeza kamasi. Ukilielewa hilo, utaona kwamba kazi ya kwanza ni kuifungua pua kabla ya kumnyonyesha.

MAJI YA CHUMVI

Mtoto wetu wa kwanza alipata mafua yake ya kwanza akiwa na miezi mitatu na nusu. Muuguzi wa kliniki alituonyesha njia ambayo tumeitumia tangu hapo kwa watoto wote. Haina gharama, maana chumvi iko katika kila jiko.

Chemsha maji safi, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Pima robo lita, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe, kisiwe na kilima. Koroga mpaka chumvi iyeyuke yote. Usiongeze chumvi ukidhani itafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu chumvi nyingi huiwasha pua na kuiumiza. Maji haya ni ya siku moja tu. Yakibaki, yamwage, na kesho utengeneze mengine.

Dakika chache kabla ya kunyonyesha, mlaze mtoto chali mapajani. Mdondoshee tone moja au mawili katika kila tundu la pua kwa kidondoshea dawa kilicho safi. Atapiga chafya na kukunja uso, na wakati mwingine atalia kidogo. Subiri kama dakika moja ili kamasi ilainike. Kisha chukua kitambaa laini kilichofuliwa, sisi hutumia kipande cha khanga kuukuu, usokote ncha yake iwe nyembamba na uitumie kuvuta kamasi iliyo mlangoni mwa pua. Usiingize ndani sana, wala usitumie kijiti cha pamba wala unyoya wa kuku.

Katika maduka ya dawa huuzwa pia mpira mdogo wa kuvutia kamasi. Ukiwa nao, ubonyeze kwanza ukiwa nje ya pua, weka ncha yake mlangoni mwa tundu, kisha uachie taratibu ili uvute. Ukiubonyeza ukiwa tayari puani utaisukuma kamasi ndani. Kila baada ya kazi uoshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha ukaushwe. Usivute kila saa. Pua ya mtoto ni laini, na ukiisumbua mno huvimba na kuziba zaidi. Kwetu tulifanya kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, basi.

Wako akina mama wanaoinyonya kamasi ya mtoto kwa mdomo wao. Tunajua wanafanya hivyo kwa upendo, lakini vijidudu vya mdomoni mwa mama vinaweza kumwingia mtoto, na vya mtoto vikamwingia mama anayemtegemea. Kitambaa safi kinatosha.

MAZIWA YA MAMA NDIYO CHAKULA NA MAJI YAKE

Mtoto mwenye mafua hachoki kunyonya kwa sababu ya ukaidi. Anachoka kwa sababu kila fundo la maziwa linamgharimu pumzi. Kwa hiyo tulimnyonyesha mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, tukimwinua kichwa juu kuliko kawaida. Akiliachia titi tulimpumzisha begani, akatulia, kisha tukamrudisha. Kama hawezi kabisa kuvuta, maziwa yanaweza kukamuliwa katika kikombe kilichochemshwa, akapewa kwa kijiko.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji, chai ya tangawizi, wala uji mwepesi ati wa kulainisha kifua. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, tena yana kinga ambayo mwili wa mama umeitengeneza. Mara nyingi mama naye ana mafua hayo hayo, na anajiuliza kama aache kunyonyesha. Asiache. Anawe mikono kwa sabuni, afunike mdomo na pua kwa kitambaa, aendelee.

Utajua anapata maziwa ya kutosha kwa kuangalia nepi. Akikojoa kama kawaida yake, shukuru. Akikaa muda mrefu bila kukojoa, midomo ikakauka na akalegea, hayo si ya kungoja nyumbani.

JOTO BILA MOSHI

Hapa tunaomba akina mama wa sehemu za baridi watusikilize kwa makini. Njombe, Makete na Mufindi tuna desturi ya kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili mtoto apate joto. Bibi yao alitueleza kwamba katika ujana wake walilala karibu na moto na hawakudhurika. Ni kweli. Lakini nyumba za wakati ule ziliezekwa kwa nyasi, na hewa ilipita kila mahali. Nyumba zetu za leo ni za matofali, zina dari na madirisha ya vioo yanayofungwa. Mkaa ukiwaka ndani yake hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Aliyelala haamki kujiokoa. Familia nzima zimekufa hivyo usingizini. Bibi alipoelezwa jambo hilo, yeye mwenyewe ndiye akawa wa kwanza kulitoa jiko nje kila jioni.

Hata moshi usioua unaiwasha pua na mapafu ya mtoto. Kuni, mafuta ya taa na sigara vyote vinamzidishia mafua. Apikaye jikoni kwenye moshi asimbebe mtoto mgongoni, ampe mtu mwingine amshike.

Joto lililo salama kuliko yote ni mwili wa mama au baba. Tulimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, tukajifunika shuka na blanketi, uso wake ukiwa wazi. Baba wa nyumba hii alifanya zamu yake kama mama, wala hakuona aibu. Wakati wa kulala mvike nguo kwa kadiri uonavyo baridi wewe, na moja zaidi. Usimrundikie mablanketi mpaka atoke jasho, na usimfunike kichwa na uso. Alale chali. Usimwekee mto ili apumue vizuri, maana anaweza kuteleza, shingo ikajikunja na pumzi ikazibika.

TUSIVYOMPA

Mara tu watu wanaposikia mtoto anakohoa, kila mmoja ana dawa yake. Wanatupenda, na ni vigumu kuwakatalia. Lakini katika mafua ya mtoto mchanga, madhara mengi huletwa na vitu anavyopewa ili apone. Tutavitaja kimoja kimoja pamoja na sababu yake, kwa kuwa mtu akijua sababu hukataa kwa upole na bila kugombana.

Dawa za maji za mafua na kikohozi. Duka moja la dawa lilitushauri tununue chupa yenye picha ya mtoto anayecheka. Tulishukuru tukarudi mikono mitupu. Dawa hizo hazifupishi mafua hata kwa siku moja, na kwa watoto wadogo zinaweza kuleta usingizi mzito, mapigo ya moyo kwenda mbio, hata degedege. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiwape watoto walio chini ya miaka 2. Mwaka 2009 Uingereza iliagiza zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 6. Tena mwaka 2022 takriban watoto 70 walikufa nchini Gambia baada ya figo zao kushindwa kufanya kazi, na mnamo Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatahadharisha juu ya dawa nne za maji za watoto, za kikohozi na mafua, zilizokutwa na kemikali zenye sumu. Wazazi wa watoto wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakiwahangaikia watoto wao kama sisi.

Asali. Mtoto asipewe asali kabla hajatimiza miezi 12, hata ya kulamba kwenye kidole. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu ya kulegeza misuli, mpaka ashindwe kunyonya na kupumua. Akishapita mwaka mmoja, nusu kijiko cha chai cha asali hutuliza kikohozi vizuri.

Aspirini. Asipewe kabisa. Kwa watoto wenye ugonjwa wa virusi imehusishwa na ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Nchini Uingereza imekatazwa kwa walio chini ya miaka 16 tangu mwaka 2002.

Parasetamoli. Hii haitibu mafua, hushusha homa na kutuliza maumivu. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe kwa mganga kabla ya kupewa dawa yoyote. Aliyezidi umri huo apewe kwa kipimo cha uzito wake kama alivyoelekeza mhudumu wa afya, kwa kifaa cha kupimia kilichokuja na dawa, na isizidi mara nne katika saa 24.

Dawa za kuchua zenye kafuri na mentoli. Hazimfai mtoto wa chini ya miaka 2. Harufu yake kali inaweza kuzichoma njia za hewa na kuongeza kamasi. Isipakwe puani wala kifuani, na chupa isiachwe karibu, kwani kafuri ikimezwa ni sumu.

Kufukiza. Wengi walijifukiza kwa majani ya mkaratusi na mchaichai mwaka 2020, na mtu mzima anaweza kujifunika shuka juu ya chungu akajihadhari. Mtoto hawezi. Akirusha mguu mara moja, maji yanayochemka yanammwagikia. Kovu la moto hudumu maisha yote, na mafua yangekwisha kwa wiki moja.

Mafuta puani. Mafuta ya kula, samli au mafuta yoyote yakidondoshwa puani yanaweza kuteremka mpaka mapafuni na kuleta uvimbe mbaya.

SHAURI LA KIMIO

Mtoto wetu wa pili akiwa na miezi minane alikohoa kwa zaidi ya wiki mbili baada ya mafua kwisha. Zahanati walimpima, wakasema mapafu ni mazuri na kikohozi kitakwisha. Shangazi yake alikuja kutoka kijijini, akamsikia usiku, na asubuhi akasema mtoto ana kimio kirefu, akatwe. Alikuwa amekwisha kuongea na mzee mmoja anayefanya kazi hiyo.

Tulikosa maneno. Shangazi ni mtu mkubwa katika nyumba yetu, alitusaidia sana wakati wa uzazi. Bibi ndiye aliyelimaliza shauri. Alimwambia, "Mwanangu, wewe ulipokuwa mdogo ulikohoa mwezi mzima. Sikukupeleka kokote, na kimio chako unacho mpaka leo. Fungua mdomo wajukuu zangu wakione." Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na maneno yakaishia hapo. Siku ya kumi mtoto alikuwa hakohoi tena.

Kila mtu ameumbwa na kimio, na si kimio kinacholeta kikohozi cha mafua. Kukikata kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, uchafu katika damu, pepopunda, na kwa wembe uliotumika kwa wengine, hata virusi vya UKIMWI. Mama, ukipewa shauri hilo, tafuta mtu mmoja anayeheshimiwa katika ukoo akusemee. Mara nyingi yupo.

KUHESABU PUMZI

Sasa tufikie jambo la pili, yaani kumtazama. Mafua yenyewe hayaui. Lakini wakati mwingine ugonjwa hushuka kutoka puani hadi mapafuni, au bakteria huingia nyuma ya virusi, na mtoto hupata nimonia. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi duniani. Kwa hesabu za UNICEF, watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano hufa nayo kila mwaka. Mama aliye mbali na daktari atajuaje kwamba mafua yamegeuka?

Njia ipo, na haihitaji kifaa zaidi ya saa. Katika milima ya Papua New Guinea, daktari Frank Shann na wenzake waliwachunguza watoto wenye kikohozi, na mwaka 1984 wakachapisha walichokiona: kasi ya kupumua na kubonyea kwa kifua huweza kuwatambulisha watoto wanaohitaji dawa na wanaohitaji hospitali. Hapa kwetu Tanzania, mradi wa wilaya ya Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1986 uliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kuitambua nimonia na kuanza matibabu, na vifo vya watoto vikapungua. Kutokana na kazi za namna hiyo, Shirika la Afya Duniani liliweka hesabu ambayo kila mama anaweza kuikariri:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari.
Mtoto wa miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Hesabu mtoto akiwa ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Funua nguo uone tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu na kuzidisha kwa mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa vipindi: huenda haraka, kisha polepole. Kwa aliye chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi, rudia mara ya pili uhakikishe.

Kitinda mimba wetu alishikwa na mafua akiwa na wiki saba. Siku tatu za kwanza alikuwa kama kaka zake: pua imeziba, chafya, kulia kidogo, kunyonya kwa kusitasita. Tuliweka maji ya chumvi, tukamlaza kifuani. Kila baada ya saa chache mmoja wetu alihesabu na mwenziwe akaandika kwenye daftari la matumizi ya nyumbani: 44, 48, 46. Siku ya nne jioni aliliacha titi mara tatu. Saa mbili usiku tulipata 54. Saa nane usiku tulipata 66. Tukarudia, tukapata 68. Mwili wake haukuwa na joto hata kidogo, na hilo lingeweza kutudanganya, kumbe watoto wachanga wanaweza kuugua sana bila homa. Bibi alileta taa karibu, akafunua blanketi, tukaona chini ya mbavu panabonyea kwa kina kila alipovuta hewa.

Hatukungoja kupambazuke. Jirani yetu mwenye pikapu aliamka mara moja, Mungu ambariki. Mama alimbeba mtoto ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, maana baridi pia ingeweza kumuua njiani. Hospitalini walimpima oksijeni kwa kifaa kidogo mguuni, ikawa imeshuka. Aliwekewa mrija wa oksijeni puani na kuanzishiwa sindano za antibiotiki usiku ule ule. Tulikaa siku nane. Siku ya tatu alilishika titi na hakuliachia. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, akageuka upande ili asionekane analia.

Daktari aliliona daftari letu akaliomba, akaangalia zile namba moja baada ya nyingine. Alitueleza kwamba kwa mtoto wa umri ule saa chache zina uzito mkubwa. Hatuna elimu ya uuguzi. Tulijua tu kuhesabu mpaka sitini.

USINGOJE ASUBUHI

Mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona hata moja kati ya haya: anapumua haraka kama tulivyoeleza, kifua kinabonyea chini ya mbavu, anaguna kila anapotoa pumzi, midomo au ulimi unakuwa wa buluu au kijivu, anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, amepata degedege. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili kuwa wa baridi chini ya nyuzi 35.5, ni dalili ya hatari. Kwa umri wowote wenye homa, mhudumu ampime na malaria.

KABLA HAYAJAFIKA

Mafua hayazuiliki yote, lakini yanapunguzwa. Tumewazoesha wote wa nyumbani kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpokea mtoto. Mgeni mwenye mafua tunamkaribisha chai, ila mtoto atamwona siku nyingine. Mtoto hanyonyeshwi kidole cha mtu wala kubusiwa mdomoni. Tena usikose kliniki. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zinamkinga na baadhi ya bakteria wanaoleta nimonia kali: moja imo katika chanjo ya mseto iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009, na nyingine, ya nimokoko, ilianza kutolewa mwaka 2013. Mafua mepesi si sababu ya kuahirisha chanjo.

Mwisho, mama mpenzi, usibaki na ujuzi huu peke yako. Mara nyingi mama yuko shambani au sokoni, na mtoto amebaki na bibi, baba, dada wa kazi au kaka mkubwa. Mfundishe kila mmoja wao kuhesabu. Keti naye jioni moja mtoto akiwa mzima na amelala, mhesabu pamoja kwa dakika nzima, mjue kawaida yake ni ngapi. Kijana wetu mkubwa ana miaka kumi na moja, naye anajua. Andikeni zile namba tatu, 60, 50 na 40, nyuma ya kadi ya kliniki, mahali ambapo mkono wowote utazipata gizani.

Mungu awalinde watoto wenu katika miezi ya baridi.